Mark II iliyoshushwa na rampu za mbao: uchambuzi wa kisa kutoka gereji ya Ndeeba

Gari ni Toyota Mark II ya JZX110, ile iliyotoka kiwandani kati ya 2000 na 2004, injini mbele na nguvu nyuma, yaani linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Springi za asili zimetolewa zikawekwa fupi, na chini ya bampa la mbele umeongezwa mdomo wa plastiki. Kazi yenyewe ni ya kawaida: kubadilisha oili na kutafuta mahali panapovuja hadi sampu (bakuli la oili chini ya injini) inalowa. Gereji iko Ndeeba, Kampala, kwenye uwanja wa murramu (udongo mwekundu wa changarawe), haina shimo wala lifti.

Ugumu ulianzia kwenye kulifikia gari kwa chini. Jeki ya magurudumu iliyokuwepo, ikishushwa mpaka mwisho, kichwa chake kinabaki milimita 135 kutoka ardhini, na mahali pa kuinulia chini ya gari hili ni milimita 120. Haiingii. Rampu za zege za sehemu ya kuoshea magari ya jirani ni kali: mdomo wa bampa unakwaruza zege kabla tairi halijafika. Pendekezo la kuinua upande mmoja mmoja na kupanga matofali ya bloku lilikataliwa papo hapo, na lilistahili kukataliwa. Bloku yenye matundu haitoi onyo. Inabeba, inabeba, kisha inasambaratika mara moja.

Zikabaki mbao, na Ndeeba mbao si tatizo. Mwenye gari alikuwa na swali moja tu: "Fundi, hizo mbao zitabeba kweli?" Fundi akamjibu, "Bosi, mbao itabeba. Wewe niambie bampa lako liko juu kiasi gani."

Jibu hilo ndilo kiini cha kisa hiki. Rampu ya mbao iliyopangwa tabaka juu ya tabaka, bila uwazi ndani, ni nadra sana kuvunjika. Huleta taabu kwa njia mbili nyingine: inateleza, au inagonga gari mahali ambapo hakuna aliyepima. Katika kisa hiki yalitokea yote mawili.

Tuanze na uzito, ili hofu ya mbao kuvunjika iishe. Gari hili lina karibu kilo 1,450, na zaidi kidogo ya nusu iko mbele. Kila gurudumu la mbele linabeba karibu kilo 400. Lakini tairi halisukumi mbao kwa ncha. Linalala juu yake, na msukumo kwa kila sentimita ya mraba haupiti sana upepo uliomo ndani: kwa psi 32 ni kama kilo 2 na robo. Hata pine, mbao laini ya mashambani, ikilazwa kwa ubapa huhimili mara kadhaa ya kiasi hicho. Sharti ni kwamba chini yake pawe na mbao nyingine, na chini ya hiyo ardhi. Rampu ya aina ya meza, yenye miguu na ubao wa kukanyagia juu, ni habari nyingine kabisa. Pale ubao unapinda katikati, misumari inakatwa kwa ubavu na miguu inalala. Watu wakisimulia kwamba rampu ya mbao ilimwangukia fulani, mara nyingi ni hiyo ya miguu.

Basi kilichohitaji akili ni vipimo vya gari.

Vipimo vinne vilichukuliwa gari likiwa mahali tambarare, tairi zina upepo kamili. Mdomo wa bampa kutoka ardhini: milimita 110. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ncha ya mdomo: milimita 880. Kipimo hiki kinachukuliwa kwenye mstari wa tairi. Bampa limepinda, na katikati ya gari linatokeza mbele zaidi, lakini rampu haikai hapo, inakaa mbele ya tairi. Kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma: milimita 2,780. Tairi ni 205/55R16, kipenyo chake milimita 632, yaani kutoka katikati hadi chini ni 316. Likibeba uzito linapungua kidogo, ila kwa hesabu hii haidhuru.

Katika namba hizo kuna uwiano mmoja ambao fundi yeyote wa magari ya chini anapaswa kuufahamu. Tairi la mbele likipanda, gari lote linajiinamisha kwa nyuma, na kwa kuwa bampa liko mbele ya tairi, linapanda zaidi ya tairi lenyewe. Jumlisha 2,780 na 880, gawa kwa 2,780: unapata karibu 1.32. Tairi likipanda milimita 10, mdomo unapanda 13. Ndiyo maana dakika mbaya kuliko zote huwa ya kwanza, tairi likiwa bado chini na mdomo umeshatangulia juu ya rampu. Kadiri gari linavyopanda, nafasi inaongezeka, isipokuwa mtu aweke kitu kirefu mbele. Tutakifikia.

Rampu ya mteremko laini ingedai ulalo usiozidi milimita 110 kwa kila 880, na ukiacha nafasi ya usalama ni kama moja kwa kumi. Kufika urefu wa milimita 180 kungehitaji mteremko wa karibu mita mbili, kisha jukwaa la kusimamia. Inawezekana, lakini kupasua mbao kwa mteremko mrefu hivyo ni kazi ya mashine, na ncha nyembamba ya mbele inapasuka haraka. Fundi akachagua vidato: matabaka manne ya mbao za 6x2 (inchi sita kwa mbili), kila la juu likiwa fupi kuliko lililo chini yake. Uamuzi mzuri. Kidato kina faida ambayo wengi hawaioni: tairi linapanda kimo chote cha kidato katika mwendo mfupi, kwa hiyo bampa linainuka mapema kuliko kwenye mteremko.

Kwa nini milimita 180? Sampu iko milimita 120 kutoka ardhini, ukijumlisha 180 ni sentimita 30. Mtu aliyelala chali juu ya katoni anapita, mikono inapata nafasi ya kuzungusha spana, na beseni la oili linaingia. Fundi mnene atalalamika kidogo.

Mbao za 6x2 zilizopasuliwa kwa kawaida hazitoki inchi kamili. Hizi zilipimwa zikawa milimita 145 kwa 45. Mbili ubavu kwa ubavu zinatoa upana wa 290 kwa tairi la 205, unabaki kama sentimita 4 kila upande. Si nyingi, inatosha kwa dereva anayeelekezwa. Matabaka manne ya 45 yanatoa 180 barabara.

Sheria ya kwanza ya vidato kwa gari la chini ni hii: vidato viwili vya mwanzo kwa pamoja visifikie kimo cha mdomo, kwa sababu tairi likigusa cha kwanza mdomo uko tayari juu ya cha pili. Hapa ni 90 dhidi ya 110. Nafasi ya milimita 20. Na kidato cha tatu kianze mbali vya kutosha ili tairi liwe limeshapanda cha kwanza kabla mdomo haujakifikia. Kwa umbali wa 420 kutoka kidato hadi kidato, cha tatu kinaanza 840, na mdomo unapofika pale tairi liko karibu kabisa kumaliza kupanda cha kwanza. Ukifupisha hadi 380, nafasi hiyo inapungua hadi milimita chache tu. Kwa hiyo 420 ilikuwa sahihi.

Toleo la kwanza lilitoka kwenye mbao nne za pine za futi 14. Futi 14 ni milimita 4,267. Kila ubao ulikatwa vipande vinne: 1,690, 1,270, 850 na 430. Jumla 4,240, na ukitoa unene wa msumeno kwa kila mkato hakibaki kitu cha kutupa. Ubao mmoja ukawa nusu ya rampu moja, nne zikawa rampu mbili. Hesabu tamu, na utamu wake ndio uliopoteza: urefu wa rampu uliamuliwa na ubao badala ya gari. Matabaka yakapigiliwa misumari bila gundi. Kila kidato kikachongwa ulalo wa nyuzi 45 mbele. Mwisho wa jukwaa la juu kikawekwa kizuizi cha kusimamisha tairi, kipande cha 4x2 kilichosimamishwa ubavu, kimo milimita 95.

Gari likaletwa. Tairi likagusa kidato cha kwanza, dereva akaongeza mafuta kidogo, na rampu zote mbili zikasogea mbele juu ya murramu bila tairi kupanda hata kidogo. Zikarudishwa, mbele yake vikapigiliwa vigingi vya nondo, gari likajaribu tena. Likapanda cha kwanza, likapanda cha pili. Likiwa linaanza cha tatu, plastiki ikalia: mdomo wa bampa umekwama kwenye kizuizi cha rampu ya kushoto, ukapasuka mahali penye skrubu.

Mambo mawili tofauti, yenye sababu mbili tofauti.

Kuteleza kwanza. Hili ni gari la nguvu nyuma, magurudumu ya mbele hayajivuti. Yanasukumwa na gari dhidi ya kidato, nayo yanakisukuma kidato mbele. Tairi la nusu kipenyo 316 likikutana na ukingo wa 45, kwa kila kilo 100 zinazokandamiza rampu chini, karibu kilo 60 zinaisukuma mbele. Mbao kavu juu ya murramu wenye vumbi na punje zinazobiringika haishiki kiasi hicho. Ulalo wa nyuzi 45 nao haukusaidia lolote, na hapa wachongaji wengi wanajidanganya. Tairi kubwa likikutana na kidato kifupi kama hiki halifiki kwenye uso wa ulalo mkali. Linagusa ukingo wa juu tu, kana kwamba ulalo haupo. Ulichofanya ni kuusogeza ukingo nyuma kwa milimita 45. Ili ulalo ufanye kazi lazima uwe mrefu kiasi kwamba tairi linaulalia. Ukiufanya urefu wa 120 kwa kimo cha 45, msukumo wa mbele unashuka kutoka 60 hadi 37 au 38 kwa kila 100. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama rampu itakaa.

Gari la nguvu mbele lina tabia ya kinyume. Tairi linalojivuta linaitupa rampu nyuma, chini ya gari lenyewe, hasa dereva akikanyaga mafuta ghafla. Kigingi cha mbele hapo hakina msaada, kinatakiwa cha nyuma.

Sasa bampa. Kizuizi kiliongezwa mwisho, baada ya hesabu kuisha, kama kitu kidogo. Lakini juu ya jukwaa la 180, kizuizi cha 95 kinafika 275 kutoka ardhini, na uso wake ulikuwa milimita 1,645 kutoka mwanzo wa rampu. Mdomo unaufikia uso huo wakati katikati ya gurudumu iko 765, yaani bado iko kwenye kidato cha pili, ikiwa imepanda njia ya nusu tu kwenda cha tatu. Tairi liko kama 111 juu. Zidisha kwa 1.32, jumlisha 110: mdomo uko karibu 257. Kizuizi kiko 275. Pungufu ya karibu milimita 18, na plastiki ililipa. Laiti ungewekwa ulalo mrefu wa 120 huku kizuizi kikibaki palepale, hali ingekuwa mbaya zaidi, maana ulalo mrefu unachelewesha tairi kumaliza kupanda. Kurekebisha kuteleza peke yake kungezidisha kugonga. Ndiyo sababu vitu hivi vinahesabiwa pamoja.

Dawa si kuondoa kizuizi. Rampu isiyo na kizuizi ni mwaliko wa gari kupitiliza mbele, na kulishusha gari lililopitiliza ni kazi ya asubuhi nzima. Dawa ni kukisogeza mbali na kukipunguza kimo. Kizuizi cha 70 kinatosha: dereva analisikia gari likigoma. Na jukwaa la juu likirefushwa, mdomo unakifikia kizuizi wakati tairi limekaribia kumaliza kidato cha tatu.

Toleo la pili, basi: matabaka ya 1,830, 1,410, 990 na 570. Vidato vikabaki umbali uleule wa 420, na kila kimoja kikachongwa ulalo wa 120 mbele. Kizuizi kiko mwisho wa jukwaa, uso wake 1,785 kutoka mwanzo. Mdomo unapofika hapo, katikati ya gurudumu iko 905, tairi limeinuka kama 130, mdomo uko karibu 281 na kizuizi kiko 250. Nafasi ya sentimita 3. Tairi likisimama dhidi ya kizuizi, katikati yake inakaa milimita 200 hivi ndani ya ukingo wa jukwaa, kwa hiyo sehemu yote inayogusa mbao iko kwenye tambarare.

Mbao za zamani hazikupotea. Kwa kuwa hakukuwa na gundi, misumari iling'olewa, na vipande vya 1,690 vikakatwa kuwa 1,410, vya 1,270 vikawa 990, vya 850 vikawa 570. Zikanunuliwa mbao mbili tu kwa ajili ya vile vinne vya 1,830. Anayeanza upya anahitaji mbao tano: nne zinakatwa 1,830 na 1,410 na 990 kila moja, zinabaki sentimita mbili tatu, ya tano inatoa vipande vinne vya 570, na karibu mita mbili zinazobaki zinatosha vizuizi na kabari za magurudumu ya nyuma. Kagua ncha kabla ya kulipa. Ubao wenye ufa wa shibri moja mwishoni si wa futi 14 tena, na hesabu hii haina ziada ya kuufidia.

Kuhusu aina ya mbao, pine iliyokauka inatosha na ndiyo rahisi kuchonga. Mkaratusi ni mgumu na unadumu, lakini ukiwa mbichi unajikunja kama unavyotaka na unapasuka penye msumari, kwa hiyo lazima utoboe kwanza. Musizi ni mwepesi kubeba, ila kingo za vidato zinachakaa mapema. Mvule kwa kazi hii ni israfu. Rampu moja ya pine kavu ina kama kilo 30, ya mkaratusi inakaribia 50, na anayeibeba kila siku ataikumbuka tofauti hiyo kuliko nyingine yoyote.

Kuunganisha kunaanzia chini. Mbao mbili za tabaka la chini ubavu kwa ubavu, kisha zinabanwa kwa vyuma vya nyuzi vya M12, yaani vya unene wa milimita 12. Bila vyuma hivyo, mfereji wa katikati unafuatana kutoka tabaka hadi tabaka, na uzito wa tairi unazisukuma mbao zitengane kidogo kidogo. Chuma cha nyuzi huuzwa kwa mita moja. Kikate vipande vitatu, kila kipande milimita 333. Upana wa rampu ni 290, zinabaki kama 20 kila upande kwa washa na nati. Mita moja kwa kila rampu: vipande viwili kwenye tabaka la chini, kimoja 250 kutoka mbele ili kikwepe ulalo, kingine 100 kutoka nyuma, na cha tatu kwenye tabaka la tatu. Tundu ni la milimita 13, linatobolewa kupita ubavuni katikati ya unene wa 45. Drili ya mkono ikiyumba, tundu linatokea juu ya ubao. Toboa kila ubao peke yake ukitumia kipande chenye tundu lililonyooka kama mwongozo. Chora kwa penseli mstari wa kila chuma juu ya ubao, maana msumari ukishuka hapo unapinda na hautoki.

Tabaka la pili linapakwa gundi ya mbao na kupigiliwa misumari ya inchi 3. Inchi 3 ni milimita 75, unapita ubao wa juu na kuingia 30 kwenye wa chini. Wa inchi 4 kwenye matabaka mawili ya kwanza unatokeza milimita 10 chini ya rampu, nao unaifanya rampu nzima icheze. Misumari ikae angalau sentimita 4 kutoka kingo, kwa mpangilio wa kupishana, na usipigilie kwenye ulalo wenyewe: pale mbao ni nyembamba, kichwa kitajitokeza na kuchana tairi. Kwenye tabaka la juu, funga kizuizi kabla ya kuliweka mahali pake. Kizuizi ni nusu ya 6x2 iliyopasuliwa kwa urefu na kusimamishwa ubavu, urefu 290, kinachofungwa kwa bolti mbili za M10 za milimita 110. Chini ya tabaka chimba kwa patasi shimo la 15 ili nati na washa vizame. Usikifunge kwa misumari: tairi likikisukuma, kinang'oka kama jino.

Uso wa juu unahitaji mkwaruzo. Rangi ya mafuta ikiwa bado mbichi, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, acha ukauke. Kuna mazoea ya kupaka mbao oili chafu kuzuia mchwa. Kwenye nguzo za ua sawa. Kwenye rampu, tairi lenye matope juu ya mbao yenye oili linateleza hata bila kusukumwa.

Ardhi ndiyo iliyobaki. Kwenye sakafu ya zege, mpira wa tairi kuukuu chini ya rampu unashika vizuri. Wanaotengeneza lugabire, zile ndala za tairi, wanao uliokwisha kuchunwa bapa. Kwenye murramu mpira haufui dafu, kwa sababu punje zinabiringika kati yake na ardhi. Hapo fagia mpaka ufike kwenye ngumu, kisha vigingi viwili vya nondo ya milimita 12, urefu wa sentimita 40, mbele ya kila rampu. Gereji hii iliongeza jambo la tatu: ulimi wa mpira wenye urefu wa nusu mita uliofungwa chini ya ncha ya rampu, ukitandazwa kuelekea gari. Tairi linaukanyaga kabla ya kugusa kidato, na uzito wa gari lenyewe unaishikilia rampu katika sekunde ile inayotaka kukimbia. Baada ya mvua, hata hivyo, subiri. Machi hadi Mei, uwanja wa murramu alasiri ni utelezi mtupu, na kigingi kwenye udongo uliolowa kinalala.

Rampu zote mbili zisimame sambamba na kwa kimo kimoja. Kama upande mmoja wa uwanja uko chini, sawazisha ardhi. Usiongeze kibao chini ya rampu.

Kupandisha: usukani umenyooka, mtu mmoja amesimama ubavuni, kamwe si mbele. Gari linakwenda kwa mwendo wa injini bila breki. Hii si adabu tu. Nafasi ya mwanzo ni milimita 20, na breki ya ghafla inainamisha pua ya gari lenye uzito huu kiasi cha kuimaliza. Dereva anasikia kidato, anaongeza mafuta kwa unyayo mwepesi, anaachia tairi likishapanda. Kizuizi kikigoma, anasimama. Kisha gia kwenye P (ya kuegesha), breki ya mkono, na kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Kwa gari la nguvu nyuma, P na breki ya mkono vyote vinashika magurudumu yaliyobaki ardhini, jambo zuri. Kwa gari la nguvu mbele, P inashika yale yaliyo juu ya rampu, kwa hiyo kabari za nyuma ndizo tegemeo.

Mara ya kwanza hakuna anayeingia chini. Gari hili liliachwa kama nusu saa, likasukumwa kwa bega kutoka ubavuni, vidato vikaangaliwa kwa tochi kutafuta nyufa mpya na misumari iliyoinuka. Ndipo oili ikamwagwa. Uvujaji ulionekana kwenye gasketi ya sampu.

Kuna mambo mawili ambayo rampu hizi haziyafanyi. Haziruhusu kutoa gurudumu, kwa hiyo breki na sasipensheni ya mbele si kazi yake. Lakini zinafungua njia: gari likiwa juu, jeki ya 135 inaingia bila shida, linainuliwa, stendi za chuma zinawekwa chini ya chesi. Kwa shughuli hiyo peke yake hata matabaka mawili yangetosha. La pili ni vipimo vya vimiminika. Gari limeinama karibu nyuzi nne, na kijiti cha oili hakisemi kweli mpaka lishuke. Oili ya gia au ya difu (gia za ekseli ya nyuma) inayojazwa mpaka imwagike kwenye tundu lake itatoka pungufu au itazidi, kutegemea tundu liko upande gani.

Kushuka ni kwa rivasi, bila mafuta, kidato kimoja kimoja. Tairi likidondoka 45 kwa haraka springi fupi zinajibana, na mdomo unafika mahali ambapo hesabu haikuufikisha. Rampu zikaegeshwe ndani, juu ya matofali mawili ili mchwa wasizifikie. Baada ya wiki chache pine inakuwa imenywea na nati za M12 zinazunguka kwa vidole. Zikazwe tena, na kila kidato kigongwe kwa nyundo. Penye sauti ya mvumo gundi imeachia, na ufa unaounganisha msumari hadi msumari kwenye tabaka lolote unamaanisha tabaka hilo linabadilishwa kabla ya gari jingine kupanda.